Godoro zito la chokaa: nilijua lina nini, nikanyamaza, shangazi yangu akalilalia

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Anayetaka kuniita muongo aje Malindi anuse nguo zangu za kazi, harufu ya dawa haijatoka mpaka leo.

Mimi ni mwanamke. Miaka sita nimechanganya sponji kwenye karakana ndogo ya magodoro. Jina la karakana sitaji, msinifuate inbox.

Kwa wasiojua: sponji hutokana na dawa mbili za majimaji. Ukizikoroga pamoja zinafura kama unga wa mahamri uliozidi hamira, halafu zinakauka. Ndani ni vipovu vitupu. Godoro zuri ni lile ambalo kuta za vipovu ni imara, ukilalia zinabonyea, ukiinuka zinarudi.

Sasa sikilizeni wizi.

Mteja wa kwetu akiingia dukani habonyezi godoro. Analinyanyua! Likiwa zito anasema hili ndilo. Bosi wetu akaliona hilo mapema, akaanza kutuletea magunia ya unga wa chokaa tuutie kwenye dawa. Wenyewe huita filler, na ikiwa kidogo haina ubaya. Lakini sisi tulimwaga kwa ndoo. Godoro linakuwa zito, dawa inayotumika ni kidogo, na baada ya miezi michache limelala kama mkeka.

Mwaka jana akaja binti wa chuo kufanya attachment, yale mafunzo ya kazini, Kadzo, mtu wa Marafa. Yeye ndiye aliyesema tuache chokaa tutie nyuzi za katani. Akaeleza kwamba chuoni kwao wanazichambua mpaka zinakuwa za nano, nyembamba hata jicho halizioni, zinajishika ndani ya kuta za vipovu kama fito kwenye nyumba ya udongo.

Mashine hizo sisi tutazitoa wapi? Tukakata katani vipande vidogo, tukapeleka kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine alitufukuza, maana mteja aliyefuata alipata unga wenye manyoya. Siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sponji ya kwanza ikapasuka katikati. Katani ilikuwa na unyevu, na dawa zetu zikikutana na maji zinafura kupita kiasi. Tukaianika katani juu ya mabati siku tatu, tukarudia. Kisha tukachukua vipande viwili, cha chokaa na cha katani, tukaviwekea mawe mazito tangu asubuhi hadi alasiri. Tulipoyatoa, cha katani kikainuka karibu chote. Cha chokaa kilibaki na shimo.

Tukatengeneza magodoro manne. Mepesi, mazuri. Yakakaa dukani hayana mwenyewe. Kila mtu ananyanyua, anaguna, anakwenda kwenye chokaa. Kadzo akamaliza muda wake akarudi chuoni.

Basi shangazi yangu, aliyenilea tangu mamangu afariki, akapooza upande mmoja. Daktari akasema atafutiwe godoro zuri, kwa sababu atalala muda mrefu na mwili usije ukafanya vidonda. Mwanawe, Athumani, akaja dukani kwetu akijua mimi nipo.

Akanyanyua la katani. Akanyanyua la chokaa.

Nikamwambia, "Athumani, chukua hilo jepesi."

Akacheka. "Da Mwana nawe! Wataka mamangu alalie pamba?"

Bosi alikuwa pale pale. "Hilo zito ndilo la wagonjwa, ndugu yangu. Huyu dadako kazi yake ni kukoroga."

Kisha akaniangalia. Nikanyamaza. Wakuu, nilinyamaza! Nina watoto watatu, na kazi hapa kwetu haziokotwi njiani. Hata kamba ya kulifungia nilimsaidia kushika.

Haikufika miezi mitatu. Nilikwenda kumwogesha shangazi nikakuta godoro lina bonde la umbo lake. Chini ya kitanda, sakafuni, unga mweupe. Na kwenye nyonga yake kidonda cha upana wa kikombe cha kahawa. Nilipokiosha hakulia, alinishika tu kwa ule mkono wake mzima.

Nilirudi kazini nimewaka moto. Nikamsomea bosi makosa yake mbele ya wateja. Unajua alinijibu nini?

"Wateja wenyewe ndio wataka uzito. Mimi nimemlazimisha nani?"

Halafu, bila haya, akaniagiza nitie katani NA chokaa pamoja, liwe zito, aliuze kwa bei ya juu kama godoro maalumu la wagonjwa. Wazo la Kadzo, mtoto wa watu aliyehangaika juani, ndilo linalogeuzwa chambo!

Nikavua glavu. Nikachukua godoro moja la katani, nikamwambia alikate kwenye mshahara wangu, nikapanda tuktuk nalo hadi kwa shangazi. Sijarudi.

Kidonda kinafunga polepole, alhamdulillahi. Ndugu zangu, godoro msilinyanyue. Libonyezeni kwa goti kwa nguvu, muone linarudi vipi. Lipigeni makofi muone kama litatoa vumbi. Uzito si ubora, na tumeibiwa mno kwa kuamini hivyo.

Lakini lililonileta hapa ni hili. Kila siku shangazi anamgombeza Athumani: "Hujui kununua hata godoro! Ungemsikiliza dadako." Athumani anainamisha kichwa. Kisha shangazi ananigeukia mimi na kijiko changu cha uji, ananiombea dua, na mimi naitikia amina.

Hakuna kati yao anayejua kwamba chokaa ya godoro lile niliimwaga mimi.

Nimwambie shangazi? Na nikimwambia, nianze na neno gani? Karibuni, hata wa kunitukana karibuni.