Siku Mama Yako Alipomlilia Mama Yake

Nakumbuka Jumamosi moja Sundbyberg, kando ya Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini, theluji ikianza kuyeyuka, mama yako alipolia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa kuwa tangu tumzike mama yenu nakuona umembeba mdogo wako mzima mzima: chakula chake, nguo zake, hata usingizi wake. Nikikuuliza hali, unanijibu kwa Kiswidi kwamba uko sawa.

Wakati huo mama yako, dada yangu Eliwaza, alikuwa akisomea uuguzi, nami nikisoma fasihi chuo kikuu. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo. Mama alifuata kabla hatujaja huku. Mimi nilikuwa shule ya bweni, dada ndiye aliyekuwa kando ya kitanda chake. Baada ya msiba ule alianza kuvaa kanga za mama, na hata kukohoa kama mama kabla ya kunikemea. Huku Stockholm alinikagua soksi mlangoni kila asubuhi. Mimi nami, msichana mzima, nilijifanya sijui kusonga hata ugali wa semolina, unga wa ngano tuliotumia huku badala ya sembe. Nilipenda kuandaliwa.

Basi akatokea Yohana, baba yako, kijana wa Kenya aliyekuwa akikaa Tumba, kusini mwa jiji. Akamposa dada. Dada akaniambia atamkataa, na nilipotaka kujua sababu, alisema hana nafasi ya mambo hayo, akaenda kufua.

Wiki hiyo hiyo zamu yangu ya kuzungumza darasani ilifika. Mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo, alitufundisha kusoma hadithi kwa kutafuta yale ambayo wahusika wanayaficha hata kwa nafsi zao. Nilichagua ngano aliyokuwa akitusimulia mama: yatima wawili wanavuka msitu, dada amembeba mdogo wake mgongoni, na hata mdogo anapokuwa mkubwa hashushwi. Nikaeleza kwamba dada yule anaogopa. Akimshusha mtoto, itambidi akubali kwamba mama amekufa. Maadamu anabeba, nyumba bado ina mama. Nilijiona nimemaliza.

Mwalimu akaniuliza, “Na yule wa mgongoni, kwa nini hashuki?”

Joto lilinipanda usoni, maana nilijua tunamzungumzia nani. Baada ya kipindi nikamweleza habari zetu, nikasema ninakwenda kumfafanulia dada yangu yote hayo. Akanizuia kwa upole. Hadithi, alisema, unaweza kuifumbua mwenyewe. Mtu aliye hai unamuuliza.

Ndipo Jumamosi ile nikamkuta mama yako jikoni. Nikamwomba mwiko, nikamkalisha. Alinitazama kama mtu anayeumwa. Nikasonga ugali, ukawa na madonge, tukaula hivyo hivyo. Kisha nikasema, “Dada, hujawahi kunisimulia mama alivyofariki.”

Akaanza taratibu: jinsi mama alivyoomba maji, jinsi yeye mwenyewe alivyoyafuata, akarudi akamkuta ametulia. Hakulia siku ile, alisema, kwa sababu nilikuwa naletwa kutoka shule, na wa kunipokea alikuwa yeye.

“Na mimi nilimtaka mama,” aliniambia. “Hakuna aliyeuliza.”

Nikamkumbatia, akalia sana, nami nikalia naye. Mwaka huo akamkubali Yohana, akaolewa. Mimi nilibaki Sundbyberg, nikajifunza kupika, na Jumapili nilipanda treni kwenda Tumba, ambako alianza tena kunitania na kuniomba ushauri kama zamani.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mpende mdogo wako, lakini usijaribu kuwa mama yenu. Akijipikia vibaya, mwache ale. Kaeni wawili mumtaje mama, kila mmoja aseme anachokikosa, kwani mmefiwa na mtu mmoja ila huzuni zenu ni mbili. Mdogo wako naye nitamwambia akuulize umeamkaje, na asubiri jibu.

Mungu akufariji, mwanangu. Akupe usingizi mzuri, na akuachie ndugu yako mzeeke mkicheka pamoja.