Jiwe Lililoshiba Mafuta ya Mbuta

Hebu fikiria kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, miaka ile ya themanini. Fundi wa mashua kutoka Asembo Bay ameweka juu yake patasi butu na jiwe la kunolea alilorithi kwa babake.

"Hii jiwe imekufa," alisema kwa huzuni. "Nipatie mpya, kuna mashua ya watu inaningoja."

Mwenye duka alipitisha kidole juu ya jiwe. "Mzee, ukinoa unapaka nini?"

"Mafuta ya samaki, ya mbuta."

Mama mkaanga samaki, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaangua kicheko. "Hata karai yangu inagandwa na mafuta hivyo, Baba! Jiwe haijakufa, imeshiba tu!"

Mwenye duka akaleta mafuta taa na brashi. Wakasugua mpaka weusi ukatoka na jiwe likawa kijivu. Fundi akanoa, akapitisha patasi mkononi. Vinyweleo vikaanguka! Tulipiga makofi sote, na mwenye duka, aliyekosa kuuza, alipiga kuliko sisi.

Nakuomba ukumbuke jambo moja: jiwe likikataa kunoa, lioshe kwanza kabla hujalizika.