Gari la Bi Mkasi Lavuta Kulia

Mara ya kwanza gari lilipomvuta, Bi Mkasi alisema ni upepo. Mara ya pili upepo haukuwepo. Alikuwa katikati ya daraja, mdogo wake ameketi kando yake na magongo mapajani, na mbele yao lori la mchanga linakuja limejaa barabara. Usukani ukamponyoka kama mtoto anayetaka kushuka mgongoni. Gari likaenda kulia, kule kule kwenye lori. Akauvuta kwa mikono miwili na bega juu yake. Lori likapita na honi yake, vumbi likawaingia mdomoni.

Daraja likaisha.

"Dada," mdogo wake akauliza, "tunakwenda wapi?"

"Kliniki."

"Ya hapa duniani au ya ahera?"

Bi Mkasi hakucheka. Miguu ya mdogo wake ilikuwa imelegea tangu mwaka juzi, na kila Alhamisi yeye ndiye aliyempeleka kunyooshwa. Basi halimsubiri mtu wa magongo. Gari lile alilipata kwa kukanyaga cherehani miaka arobaini, akishona sare za shule, na jina la Mkasi alilipata hapo hapo, ingawa wenye wivu walisema ni kwa ajili ya ulimi. Na gari halikuwa na tatizo lolote mpaka Jumamosi ile, lilipovalishwa matairi mapya mawili ya mbele gereji.

Alirudi kwa fundi siku ile ile ya daraja. Fundi akalizungusha gari uani, polepole, akashuka anapangusa mikono.

"Bibi, halina kitu. Matairi mapya yana ugeni, yatazoea."

"Yanizoee mimi au niyazoee mimi?"

"Au labda, Bibi, usiudhike, mikono. Umri nao."

Lile neno lilimchoma. Lakini lililomchoma zaidi lilitoka nyumbani, maana mdogo wake hana kifuniko cha mdomo. Jioni mwanawe wa kwanza akaja, shati limepigwa pasi, hajakaa hata kitini.

"Mama, kuna mtu atalinunua gari. Kesho namleta. Nipe ufunguo."

"Wewe unayetaka kunifundisha gari unajua kuendesha nini? Hata toroli lilikushinda."

"Sijui kuendesha, lakini najua kuzika, na sitaki kuzika wawili siku moja."

 Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya Bi Mkasi. Akaushika kwa nje.

"Kesho asubuhi twende wote gereji," akasema. "Nikishindwa, utauchukua huko huko. Sitabisha."

Kulipokucha alichukua sindano yake ndogo kuliko zote, akaipitisha uzi. Ukapita. Akautoa, akaupitisha tena, mara kumi, hakukosa hata moja. Basi macho yapo, mikono ipo. Akakaa anafikiri kama fundi cherehani. Suruali ikimvuta mtu upande mmoja huulizi miguu yake, unapima suruali. Akatia chaki mfukoni.

Njiani mdogo wake alikaa mbele, mwanawe nyuma. Gari kila lilipovuta, Bi Mkasi alisikia pumzi ya mwanawe. 

Ua wa gereji ulikuwa wa saruji, mrefu. Bi Mkasi alisimamisha gari mwanzoni mwake, akalowesha chaki kwa mate, akapaka mstari mnene kwenye meno ya matairi yote mawili ya mbele, pale yanapokaribia kugusa chini.

"Bibi anashona gari," fundi akasema.

"Na wewe utasukuma. Wewe na huyu mwanangu. Taratibu, mimi nimeshika usukani."

Wakasukuma. Kila tairi lilipomaliza mzunguko, chaki iligusa saruji ikaacha alama nyeupe. Mzunguko wa kwanza, alama ya kulia ilibaki nyuma ya ile ya kushoto kwa vidole vitatu. Wa pili, kwa vidole sita. Mdogo wake akachungulia dirishani, akawa anahesabu kwa sauti kama mtu wa mnadani. Kufika wa tano, kati ya alama na alama pana shibiri na zaidi.

Bi Mkasi akashuka. "Mguu mmoja mfupi," akasema. "Sasa niambie tena habari ya mikono yangu."

Fundi aliziinamia zile alama. Kisha akaingia ofisini, akarudi na karatasi.

"Ni kweli, la kulia ni dogo kidogo, nikadhani halitadhuru. La saizi yake lilikuwa limeisha. Lakini sikuficha, Bibi. Nimeandika hapa, ukasoma, ukatia sahihi. Hii si sahihi yako?"

Mwanawe akaichukua ile karatasi. Akaisoma. Akainua macho.

"Mama, ulijua? Ulijua, ukampandisha mama mdogo humo?"

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Bi Mkasi aliikumbuka vizuri ile siku: fundi anamnyooshea karatasi, watu wawili wanasubiri nyuma yake, na yeye anakunja uso, anashusha macho mstari kwa mstari, anatikisa kichwa kama hakimu, kisha anachora jina lake, neno pekee analoliandika bila kusita. Miaka yote alifanya hivyo. Barua za shule za huyu huyu mwanawe alizikunjia uso hivyo hivyo.

Akisema alisoma, ni mwendawazimu, na ufunguo umekwenda. Akisema hakusoma, siri ya miaka yote imetoka.

"Sikuisoma," akasema.

"Ulisahau miwani?"

"Miwani inafanya nini? Herufi ndogo zinanishinda. Na kubwa pia, nyingi zake." Kidevu hakukishusha. "Nimekulea, nimekuvisha, nimekusomesha, na sijui kusoma. Ndiyo hiyo. Lakini kupima najua, na huyu fundi anayejua kusoma hakupima."

Mwanawe alikunja karatasi mara mbili, akawa hajui aiweke wapi. Kisha akamgeukia fundi.

"Tafuta tairi la saizi yake. Tunasubiri hapa."

"Mpaka mchana huenda..."

"Tunasubiri."

Walisubiri mpaka adhuhuri, juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mnunuzi akapiga simu, mwanawe akamwambia gari haliuzwi. Tairi lilipofungwa Bi Mkasi alipaka chaki tena, wakasukuma tena, na alama zikaenda sambamba mpaka mwisho wa ua. Ndipo akauzungusha ule ufunguo, akawasha gari.

Wakirudi, darajani akaona lori linakuja. Akalegeza vidole, akaacha viganja tu juu ya usukani. Gari likanyooka kama uzi uliovutwa.

"Mama, shika usukani!" mwanawe akapiga kelele, mikono miwili imebana kiti cha mbele.

"Umeshika wewe huko nyuma," akasema Bi Mkasi, "inatosha."