Rubani wa Karakana ya Maturubai

Asubuhi hii lori limeleta turubai lililochanika toka pembe hadi pembe, na mwenye lori anataka kuondoka kabla ya adhuhuri. Basi mama mmoja, fundi wa karakana hii ya kushona maturubai, amevua viatu, amepanda juu ya turubai lenyewe, na analisukuma kwa magoti kuelekea kwenye cherehani huku akilikaripia kama mtoto aliyegoma kuoga.

"Njoo hapa wewe! Leo ndiyo unajifanya mzito?"

Cherehani inanguruma, vumbi linatimka, na turubai linaanza kutii. Mikono yake ina sugu zilizokomaa, na mabega yake ni ya mtu aliyebeba mizigo ya watu karibu nusu ya umri wake.

Ikifika saa ya chai, wenzake wanatoa vikombe. Yeye anatoa kikopo cha peremende. Ndani yake mna gurudumu la plastiki, dogo kuliko punje ya mahindi. Analishika kwa kibanio cha nyusi na kulisugua kwa msasa polepole, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.

"Rubani, leo tunaruka saa ngapi?" anamchokoza mwenzake wa cherehani ya pili, na karakana nzima inaangua kicheko.

"Nyie chekeni tu," anajibu bila kuinua macho. "Tiketi zikianza kuuzwa msinijie na ujirani."

Mama huyu anajenga modeli za plastiki: ndege, magari na meli, vitu vya kweli vilivyopunguzwa hadi vikaenea viganjani. Vipande vinakuja ndani ya boksi vikiwa bado vimeshikana na fremu zao. Unakata, unasugua, unagundisha, unapaka rangi. Boksi moja linaweza kumeza ujira wake wa siku mbili, kwa hiyo hanunui ovyo, na akishanunua hana haraka ya kumaliza.

La kwanza hakulinunua. Alilikuta limesahaulika ndani ya turubai lililoletwa kushonwa.

"Nikamkimbilia dereva nimrudishie. Akaniambia, 'Dada, mwanangu amekua, halitaki tena. Chukua wewe.' Nikachukua. Siku hiyohiyo nikajigundisha kidole kwenye bawa. Mume wangu anarudi kutoka kazini, ananikuta nimevaa ndege mkononi!"

Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Siku ile alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akamtengenezea meza ndogo, akaiweka chumbani karibu na dirisha, penye mwanga. Hapo mkewe alijiwekea sharti moja: habari za turubai ziishie mlangoni. Kutwa nzima anahangaika nalo. Kwenye meza ile hataki hata kulisikia.

Raha aliipata, tena tele. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha.

"Umepaka rangi usukani, umetoka vizuri mpaka unajipongeza mwenyewe. Unamwambia nani? Mume wangu ananiambia hongera kabla hajaangalia. Mimi nilikuwa natamani mtu aangalie kwanza."

Ndipo akasikia kwamba nyuma ya duka moja la vitabu kuna chumba ambamo wajenzi wa modeli hukutana kila Jumamosi. Anayetaka kujiunga huleta kazi moja aliyoimaliza kwa mikono yake, huiweka mezani, na wenyeji huikagua. Moyo ukamruka. Akachagua ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, akaijenga kwa miezi kadhaa. Kiti cha rubani alikifunga mikanda myembamba kama uzi, na vishikizo vyake akavipaka rangi ya fedha.

Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda, kilibaki kioo tu, kile kinachomfunika rubani. Kila mjenzi wa modeli anajua kwamba kioo hugundishwa kwa gundi nyeupe, ile ya taratibu. Naye alijua. Lakini gundi nyeupe ilikuwa imembakia kidogo tu chini ya chupa, ya kukwangua, pupa ikampanda, akachukua supaglu, ile inayoshika papo hapo.

Supaglu ina mvuke, na mvuke ule ukikutana na plastiki angavu hauna huruma. Aliporudi kutoka jikoni, kioo chote kilikuwa kimepauka kwa ndani, cheupe pe. Kiti hakionekani, mikanda haionekani. Kukibandua haiwezekani, kingepasuka.

Mumewe aliingia akamkuta ameinamia meza.

"Nani amefariki?"

"Kioo."

Fundi bomba akasogea, akatazama. Safari hii aliangalia kwanza.

"Kwani lazima waone ndani?"

"We mwanaume! Ndege ina mtoto wa jicho, niipeleke hivyohivyo? Siendi. Watanicheka hao."

"Si uifunike? Kwani wewe kazi yako nini?"

Mama anasema alimkodolea macho, nusura amrushie msasa. Halafu akaanza kucheka. Ndege ndogo zikiegeshwa juani hufunikwa turubai sehemu ya rubani, na karakana yao iliwahi kushona moja la kweli. Alilishona yeye mwenyewe!

Basi sharti likavunjwa. Alichukua karatasi ya shashi, akailowesha kwa gundi nyeupe aliyoikwangua chini ya chupa na kuichanganya na maji, akailaza juu ya kioo na kuivuta kwa brashi.

"Turubai halikunjiki kama shuka," anaeleza, na mikono yake inachora hewani. "Lina ukaidi. Linavimba hapa, linagoma pale, kamba inalibana hapa. Nilikuwa sifikirii hata kidogo. Vidole vyenyewe vilikuwa vinajua."

Kamba zilikuwa nyuzi zilizopakwa nta, na mafundo yalikuwa yaleyale anayofunga kwenye malori. Alipomaliza kupaka rangi ya kijani iliyochujuka, alimwita mumewe, wakaitazama pamoja.

Jumamosi aliiweka mezani, akarudi nyuma na kuukumbatia mkoba wake. Kiongozi wa kikundi, mfamasia mstaafu mwenye lenzi shingoni, aliizunguka ndege mara nyingi mno kwa maoni ya mama huyu.

"Hili turubai limetoka kwenye boksi gani?"

"Halikutoka kwenye boksi. Nimelitengeneza."

Mzee akainama zaidi, pua karibu iguse bawa. "Na chini yake kuna nini?"

Angeweza kusema kuna kiti na mikanda, na asingekuwa amedanganya. Lakini ukweli ukamponyoka.

"Chini yake kuna aibu, mzee wangu."

Mfamasia akanyoosha mgongo.

"Supaglu?"

"Supaglu."

Mzee alikwenda kwenye rafu, akateremsha helikopta yake nzuri kuliko zote, akaigeuza. Dirisha la upande wa pili lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Hii miaka yote," alisema, "naigeuzia ukutani."

Ikawa kama bomba limepasuka. Mmoja akataja gari lake la zimamoto, mwingine basi lake lenye madirisha yote yaliyopofuka, kila mtu anataka kusema kabla ya mwenzake. Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine, anakiri, hayakuwa ya kicheko.

Sasa simu yake haitulii. Kikundi kinataka kujenga uwanja mdogo wa ndege kwa ajili ya maonyesho, na wote wanataka kujua turubai linavyoanguka, kamba inavyopita, fundo linavyokaa. Kueleza kwa simu kumemshinda, kwa hiyo amewaalika karakanani, wamwone akishona la kweli.

"Wanakuja wote," anasema, na hawezi kuificha furaha usoni. Anafagia kona ambayo haijafagiwa tangu karakana ifunguliwe, anapima kwa hatua, anageuka kwa mwenzake wa cherehani ya pili.

"Shoga, hebu nisaidie. Kwenu kuna viti vingapi?"