Niliapa Kwamba Niliona Nduthi ya Kinuthia

Nilishika Bibilia kwa mkono wa kulia, nikamfunga mtu miaka minne. Nikatoka kortini nikiimba.

Msinihukumu bado. Someni kwanza.

Mimi ni mjane. Niko na kibanda cha uji hapa Majengo, Nyeri, pale barabara inapopanda kilima. Bwanangu aligongwa na nduthi, pikipiki ya abiria, akitoka kanisani. Aliyemgonga alitozwa faini, akailipa kabla ya saa sita. Saa tisa nilimkuta steji akiita abiria, amevaa miwani ya jua.

Tangu hapo, nduthi ikinguruma, moyo wangu hukunjika kama ngumi.

Na hakuna iliyonguruma kama ya Kinuthia. Alikuwa ametoboa bomba la moshi. Akiwa bado huko chini, vikombe vyangu vinatetemeka.

"Kinuthia, utatuua na hiyo kelele!"

"Mama, kelele ndio usalama! Mtu akinisikia, anahama!"

Rafiki yangu Wachuka aliuza sukuma wiki ng'ambo ya barabara. Kanisa letu moja, mvua ikinyesha mwavuli wetu mmoja. Kila asubuhi alivuka na karai yake kuja kunywa uji.

Alhamisi hiyo nilikuwa ndani nakoroga sufuria. Mlango na dirisha nimefunga kwa sababu ya baridi.

Nikasikia ule mngurumo, huko chini.

Halafu karai ikagonga lami.

Nikasimama na mwiko mkononi, mlango sikufungua. Baada ya muda, mtu akapiga mlango kwa ngumi.

"Mama! Fungua! Leta maji! Leta leso!"

Ni Kinuthia. Damu mpaka viwiko. Nyuma yake Wachuka amelala katikati ya sukuma, koti la Kinuthia limekunjwa chini ya kichwa chake.

Lile koti nililiona. Nikaliruka kwa macho.

"Umemuua!" nikapiga nduru.

Watu walifika kabla ya maji. Wa kwanza kumzaba Kinuthia kofi alikuwa Ben, mwenzake wa steji, mwimbaji wa kwaya yetu.

"Si tulikuambia upunguze mbio? Ati unasaidia! Unasaidia nani?"

Walimpiga mpaka meno ya mbele yakabaki barabarani. Sitadanganya. Kila teke lililoingia, nilitamani lingine.

Wachuka alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Afande Kioko akaja na kijitabu chake. "Mama, huyu alikuwa anaenda mbio?"

"Kama risasi."

"Ulimwona kwa macho yako?"

Ben alikuwa ameniwekea mkono begani, ananifariji.

"Kwa macho yangu," nikasema.

Hakukuwa na kamera. Hakuna aliyepima mwendo. Kesi yote ilikuwa mdomo wangu. Siku ya kutoa ushahidi Ben alinibeba bure mpaka kortini. "Shosho, simama imara. Mungu ako na wewe."

Kinuthia alijitetea kwa mdomo ule wa mapengo. "Nilikuwa napanda na gia ya kwanza, nimebeba magunia mawili ya viazi. Nilimkuta ameshaanguka."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mkewe Watiri, tumbo limefika puani, akasimama. "Mama, uliona kupitia wapi, na mlango ulikuwa umefungwa?"

Wakamtoa nje.

Hakimu akasema mimi ni mama mcha Mungu, sina sababu ya kudanganya. Miaka minne.

Mwezi jana Ben alinibeba tena, tunatoka ibada. Tulipofika juu ya kilima, nduthi ikanyamaza.

"Imeharibika?"

"Zii, shosho. Nimeizima. Kuanzia hapa ni mteremko tu, naokoa mafuta. Hapa mimi hushuka hivi kila siku."

Tukashuka. Mwendo ukaongezeka, ukaongezeka tena. Hakuna sauti, ni upepo tu masikioni. Mzee mmoja alikuwa anavuka na ndoo, hakugeuka hata kidogo. Tulimpita tukimkwaruza kiwiko. Ndoo ikagonga lami.

Sauti ile ile.

"Huyo naye hasikii?" Ben akacheka.

Hapo nikakumbuka. Karai ilipoanguka siku ile, mngurumo wa Kinuthia ulikuwa bado huko chini, unapanda polepole. Haukuwa umenifikia. Kilichompata Wachuka kilitoka juu, na hakikuwa na sauti.

Nilipoteremka nikamshika Ben mkono wa koti.

"Ni wewe ulimgonga Wachuka."

Hakushtuka. Alivua helmeti, akafuta jasho, akaangalia huku na huku.

"Shosho, mimi kortini sikusema neno hata moja." Akaivaa tena. "Ni wewe ulishika Bibilia."

Jumapili aliimba kama kawaida, macho amefumba.

Nikaenda kwa Afande Kioko. "Mama, rudi uchemshe uji. Hiyo faili ilifungwa. Ukisema ulidanganya, atakayelala ndani ni wewe."

Nikaenda gerezani. Kinuthia akaletwa, nikamwambia yote. Nilitaka anitukane. Aliuliza tu mtoto wake amefikia kimo gani. Sikujua. Watiri akiniona hubadilisha njia.

Nilipoinuka kuondoka, akasema, "Mama, siku ile kulikuwa na milango mingi pale. Nilibisha kwako kwa sababu nilijua wewe ni mtu wa Mungu."

Jumatatu narudi kortini. Kibanda nimemwachia dada yangu, nguo nimefunga kwa mfuko mmoja. Wakinifunga, wanifunge.

Nililia miaka mingi nikitaka sheria iume. Ikauma, na mimi ndiye niliyeionyesha nani wa kuuma.

Wewe unayesoma, siku moja utaulizwa kama uliona. Kama ulisikia tu, sema ulisikia.