Kikao cha Kumsikiliza Misumari

Mwenye karakana ya makochi watu walimwita Bwana Toka, na jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika, pengine hata na yeye mwenyewe. Neno hilo alilitamka kuliko salamu. Kitambaa kimekatwa upande: "Toka!" Gundi imemwagika: "Toka, nisikuone hapa!" Jua kali na wateja hawaji: "Tokeni wote!" Na watu walitoka kweli. Walisimama nje penye kivuli cha ukuta, wakapiga soga, wakapata na chai, kisha wakarudi ndani mmoja mmoja kama watu waliokwenda kunawa mikono. Naye akiwaona wamerudi husema tu, "Haya, lile kochi la daktari limefikia wapi?" Yamekwisha.

Hasira zake zilikuwa hivyo, jamani. Zinapanda kwa kishindo, zinashuka chai haijapoa. Wala hakuwa mtu mbaya, mimi nitamtetea hapo. Mtu mbaya hukaa na jambo rohoni. Yeye rohoni hakuwa na pa kuweka kitu. Kila kilichoingia kilitokea mdomoni papo hapo.

Aliyefukuzwa kuliko wote alikuwa fundi wake mkuu, Misumari. Huyu ndiye aliyeyavisha makochi. Misumari midogo ya kuwambia kitambaa aliijaza mdomoni mpaka shavu likavimba, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, mkono mmoja ukivuta kitambaa na mwingine ukishika nyundo. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa makochi, maana mikono miwili haiwatoshi. Kwa hiyo Bwana Toka alipobwata, Misumari hakujibu. Angejibuje? Alimtazama, akatikisa kichwa, akaweka nyundo chini, akatoka. Walikuwa pamoja tangu karakana ilipokuwa kibanda cha mabati, na bado ungemwuliza Bwana Toka sauti ya fundi wake ikoje, angekuna kichwa kwanza.

Kwenye kona, nyuma ya cherehani, alikaa mke wa Bwana Toka, akishona foronya za mito huku pini amezibana midomoni. Naye hakuwa msemaji.

"Mimi nimejaliwa," Bwana Toka alipenda kuwatambia wateja. "Kazini sibishiwi, nyumbani sibishiwi."

Basi ikaja sheria mpya ya kazi. Chama cha wenye karakana kikaitisha mkutano ukumbini, na afisa wa kazi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, akaja kuwaeleza waajiri yanayowahusu. Kumwachisha mtu kazi sasa kuna utaratibu, alisema. Aambiwe kosa lake. Aitwe kwenye kikao, aje na mtu anayemwamini. Asikilizwe mpaka amalize, ndipo uamuzi utolewe. "Na kufukuza kwa mdomo nako ni kufukuza," akaongeza. "Mtu asinidanganye kwamba hakuandika, basi hakusema."

Bwana Toka akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Na kama mtu nimemfukuza asubuhi, halafu mchana tumekula naye sahani moja?"

"Ulimfukuza mara moja tu?"

"Leo?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Afisa hakucheka. Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya mtandio, akairudisha. "Bwana," alisema, "siku fundi huyo akiamua kuyachukua maneno yako kama ulivyoyasema, akaenda zake, hutakuwa na pa kushika. Atakuwa ameondoka kwa amri yako mwenyewe. Na akija ofisini kulalamika, atakayemsikiliza ni mimi."

Ile "ofisini" haikumtisha sana. Kilichomkata maini ni ile "akaenda zake." Wapigilia misumari wako tele mjini, lakini makochi ya karakana ile yalikuwa na sifa kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja. Mteja alikaa, akafumba macho, akasema "Nichongee la namna hii." Bila Misumari, pale pangebaki mbao, sponji na mwanamume mmoja anayepiga kelele. Bwana Toka aliogopa. Aliogopa kweli, akarudi nyumbani akiapa kwamba neno lile halitamtoka tena maisha yake yote.

Kesho yake akaingia karakana na tabasamu lisilomkaa vizuri. "Habari za asubuhi, ndugu fundi? Umeamkaje? Familia haijambo?"

Misumari, shavu limemvimba, akageuka kuangalia kama kuna mteja nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Ukipata nafasi, tafadhali, naomba uutazame mkono wa kochi lile. Naona kama umelala upande kidogo. Lakini usijisumbue, ndugu yangu. Usijisumbue kabisa."

Mpiga vanishi aliacha brashi ndani ya kopo akaenda mbio kwenye cherehani. "Mama," alinong'ona, "hivi bosi alipimwa presha lini?"

Mke wa Bwana Toka alimtazama mumewe kwa muda, pini midomoni. "Mmh," alisema, akaendelea kushona.

Bwana Toka aliteseka, masikini. Hasira zilipanda kama kawaida yake lakini sasa hazikuwa na mlango. Akiona sponji imekatwa fupi, mishipa ya shingo inasimama, macho yanamtoka, kisha yeye mwenyewe anatoka nje, anaizunguka karakana nzima, anarudi na kusema kwa sauti nyembamba, "Si neno. Binadamu tunakosea." Wafanyakazi wakawa wanatetemeka. Afadhali kelele. Kusamehewa na mtu aliyetoa macho namna ile, nani anaweza kulala usingizi?

Ndipo akaona jambo lililomnyima na yeye usingizi. Ukutani kila zana ya Misumari ilikuwa na mahali pake pa kuning'inia. Zana zilikuwa zake fundi mwenyewe, lakini zilikaa pale usiku na mchana tangu zama za kibanda, hata ukuta ulikuwa na alama zake. Jioni moja mkasi mkubwa haukubaki ukutani. Jioni ya pili, sindano ndefu ya kupitishia vifungo. Mwishowe hata nyundo. Misumari akawa anaingia asubuhi na mfuko na kutoka jioni na mfuko, kama mgeni aliyelala kwa watu.

Anahama! Bwana Toka alijiambia. Bila shaka ni wale wa karakana ya ng'ambo ya barabara, watu wa tabasamu. Wamemnunua mtu wake. "TO..." alianza, akajiuma ulimi, damu ikamjaa mdomoni, akaenda kusukutua nje.

"Mama watoto," alimwambia mkewe pale kwenye cherehani, "fundi ananikimbia. Nifanyeje?"

"Mmh," alisema mkewe.

"Sheria imesema asikilizwe, si ndiyo? Basi nitamwitia kikao. Nitamsikiliza mpaka anitajie ni nani aliyemchukua."

"Mmh."

"Umenena," alisema Bwana Toka, akamwendea Misumari. "Ndugu fundi, kesho tukishafunga kutakuwa na kikao chako. Kwa mujibu wa sheria mpya una haki ya kuja na mtu unayemwamini."

Misumari aliinua nyundo, akaielekeza kwenye kona, kwenye cherehani.

"Nani? Mke wangu?"

Misumari akatikisa kichwa kukubali. Mke wa Bwana Toka naye akatikisa kichwa kukubali.

"Weee! Huyo ni wa kwangu!"

"Bosi," alidakia mpiga vanishi kutoka nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna aliyemwita, "sheria imesema mtu anayemwamini. Haikusema wa nani."

Kikao kikafanyika. Kochi lililokamilika lilikuwa moja tu, lile la daktari, na Misumari na mke wa Bwana Toka walikuwa wamekwisha kulikalia, yeye na shavu lake, mwenzake na pini zake. Bwana Toka akaambulia kochi ambalo halijavishwa, springi tupu. Akikohoa, linalia. Akigeuka, linalia.

"Kikao kimefunguliwa," alisema. Springi ikalia. "Mlalamikaji ni mimi. Mwenyekiti ni mimi." Springi ikalia zaidi. "Fundi, unatuhumiwa kuhamisha zana za..." Mkewe alimtazama. "Zana zako. Sawa, zako mwenyewe. Lakini kinyemela! Sasa nijibu. Ni nani aliyekuchukua? Sema yote, unasikilizwa."

Misumari alianza kutoa misumari mdomoni. Aliutoa mmoja, akaulaza juu ya mkono wa kochi. Akatoa mwingine. Ilichukua muda, na shavu lilipungua polepole mpaka Bwana Toka akauona uso wa fundi wake ulivyo hasa. Ulikuwa uso wa mtu mpole, aliyechoka. Kisha akasema, na sauti ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya mtu wa kusoma taarifa ya habari.

"Hakuna aliyenichukua, bosi. Wewe ndiye uliyeanza kunisemesha vizuri, nikajua yamekwisha. Unanifukuza miaka yote na sijawahi kuwa na wasiwasi. Lakini tangu uniulize habari za familia, mke wangu halali. Tumesikia kwenye redio kwamba sasa kuna utaratibu, nikasema huyu ameshaanza utaratibu. Nikaona bora zana zangu ziwe mfukoni. Siku utakaponitoa kweli, nisianze kukusanya vitu watu wakinitazama."

Loo! Bwana Toka moyo wake ulirudi mahali pake, akacheka mpaka springi zikamrusha. "Ndiyo hivyo tu? Nikufukuze wewe? Wewe? Basi yamekwisha, bwana! Tunarudi kama zamani. Kesho nitakubwatia mpaka uombe poo!" Akaanza kuinuka.

"Sijamaliza," alisema Misumari.

Katika karakana ile hakuna aliyewahi kumwambia Bwana Toka neno hilo. Akakaa.

"Umewahi kuona fundi anakata sponji na misumari mdomoni? Anapima mbao na misumari mdomoni? Mimi naitia mdomoni nikishafika tu mlangoni. Kazi inataka michache. Iliyobaki yote ni ya kwako."

"Ya kwangu?"

"Ya kunizuia nisikujibu. Unakumbuka nilipochelewa kurudi kutoka kumzika mama? Sikuwa nimevua hata viatu vyenye udongo wa kaburi. Ukaniambia toka. Nikatoka, nikasimama kivulini na wenzangu, wao wanacheka, na mimi nacheka, misumari mdomoni. Nilijua nikifungua kinywa siku ile sitarudi tena ndani, na mimi nataka kurudi. Naipenda kazi hii. Na wewe nakupenda, kiumbe wa ajabu wewe. Lakini nimechoka na ladha ya chuma."

Kelele zilikuwa zimemwisha Bwana Toka, na adabu za kuigiza nazo zimemwisha. Siku ile aliikumbuka. Aliikumbuka kama siku ambayo kochi la mwalimu lilichelewa, basi, na kwa kukumbuka hivyo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua, wallahi."

"Hukuwahi kuniuliza. Mpaka sheria ikulazimishe."

"Utabaki?"

Misumari akafungua mfuko, akatoa nyundo, akaenda kuitundika ukutani juu ya alama yake. Bwana Toka aliitazama nyundo ile ikitulia pale, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha kochi la daktari, na hakuna aliyemkemea.

"Basi kikao kimefungwa," alisema akipenga kamasi. "Mama watoto, ahsante kwa kuja. Huna la kuongeza, najua. Twende nyumbani."

Mkewe hakuinuka.

Alipeleka vidole midomoni, akatoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye mkono wa kochi, kando ya misumari. Akatoa ya pili. Hapo ndipo Bwana Toka alipogundua kwamba leo mkewe hakuwa na mto mapajani, wala foronya, wala kipande chochote cha kitambaa. Alikuja kikaoni na pini tu.

Na zilikuwa nyingi.

"Kaa chini, baba watoto," alisema pini zilipokwisha. "Tuanze na siku ya harusi yetu."

Misumari akachukua mfuko wake kwa upole na kunyatia mlango. "Shemeji, nadhani mimi sasa naweza..."

"Wewe rudi ukae hapa. Sheria imesema nije na mtu ninayemwamini."

Misumari akarudi, akakaa; Bwana Toka naye alikuwa ameshakaa. Springi zikalia, ingawa hakuwa amegeuka. Aliutazama mlango uliokuwa wazi kidogo. Miaka yote neno lile aliwagawia watu bure, asubuhi na jioni, wala hakujua utamu wake. Sasa alitamani kwa roho yake yote mmoja wa hawa wawili amwambie yeye.

Hakuna aliyemwambia.