Mikono ya Nyamvula

Mdogo wangu Nyamvula alizalisha nusu ya watoto wa mtaani kwetu Port Reitz, akiwa mkunga wa serikali. Kina mama wawili kitanda kimoja, na yeye peke yake. Akirudi nyumbani miguu imefura, analala na sare yake. Basi hospitali moja ya kibinafsi ilipomwita, alipima weee, mwisho akaenda. Nilimpigia vigelegele.

Kule shuka nyeupe, kila mama na chumba chake. Lakini wana sheria yao: mama ni wa daktari wake. Mkunga amwangalie, amsugue mgongo, apige simu. Mtoto apokewe na daktari. Nyamvula akacheka, "Dada, sasa mimi ni mpiga simu."

Winfred, binti wa jirani yetu, akamfuata huko huko na mimba yake ya kwanza. "Anti, nataka mikono yako, si ya mwingine."

Siku yenyewe, kichwa cha mtoto kimeshaonekana, daktari amekwama kwenye msongamano wa magari pale daraja la Makupa. Matroni akasimama mlangoni: "Mwambie asisukume. Daktari yuko njiani."

Asisukume! Hivi uchungu humngoja mtu avuke Makupa?

"Matroni, mapigo ya mtoto yanashuka. Niache nimtoe."

"Ngoja, Nyamvula."

Akangoja. Alipoona hapana tena, akamtoa mwenyewe. Mtoto wa kike, mzuri, nywele tele. Hakulia, wala hakuvuta pumzi. Daktari alifika baadaye, akanawa mikono.

Tangu hapo mdogo wangu yuko nyumbani, anapima upya. Serikalini wanamtaka arudi. "Nikirudi, dada, nikimshika mmoja, mwingine atazalia sakafuni. Nikibaki kule kwa matroni, nitaambiwa tena ngoja." Hasira zinanipanda, maana yote mawili ni kweli.

Jana Winfred alikuja. Ana mimba tena, jamani. Akatuamkia, akakaa mkekani kando ya Nyamvula.

"Anti, umeamua? Niambie utakuwa hospitali gani, nije."

"Nenda popote, mwanangu. Usinifuate mimi."

"Mimi sikufuata hospitali, anti. Nilikufuata wewe."

Winfred akamshika Nyamvula mikono yote miwili, akaiweka juu ya tumbo lake. Mdogo wangu akaiondoa.